Ushuhuda Ambao Haukuwa Wangu

Mimi naongea sana. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akadai nilimficha. Nilipokuwa darasa la pili pale Makongeni, mwalimu alinihamisha dawati mara tano akitafuta jirani ambaye singeweza kumsemesha, mwishowe akaniweka pembeni karibu na ukuta. Nikaongea na ukuta. Mama yangu, ambaye naye akianza habari ya bei ya nyanya utashtukia mko kwenye harusi ya shangazi yake, alikuwa akisema nitakuwa mwalimu au mhubiri, kwa kuwa hizo ndizo kazi mbili ambazo mtu hulipwa aongee na wengine wote wamekatazwa kujibu. Nikawa mwalimu.

Kwa hivyo Mungu alijua kunifanyia mzaha. Leo niko hai kwa sababu mtu fulani alisema mimi ni bubu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika shule ya msingi kule kaskazini, mwendo wa siku nzima kutoka Thika, ukishika barabara ya Garissa na kuendelea hata baada ya lami kukata tamaa. Habari za huko tulikuwa tumezisikia, za mabasi kusimamishwa na watu wenye bunduki, za walimu kutafutwa kwa dini yao. Mama alilia siku mbili. Siku ya tatu akaninunulia ndoo yenye mfuniko, maana kwake hakuna safari isiyohitaji ndoo yenye mfuniko, na akaiombea ile ndoo pia.

Huko nilipanga chumba katika boma la mama mmoja wa Kisomali, mwanamke wa makamo, muuza nguo sokoni. Nilianza kumwita mama tangu wiki ya kwanza kwa sababu alinigombeza kama mama. Aligombeza chai yangu kwa kuwa nyepesi, akagombeza viatu vyangu, na zaidi ya yote akagombeza nyimbo zangu za Jumapili asubuhi. Kanisa lilikuwa mbali, basi niliabudu chumbani, peke yangu, kwa sauti ya kwaya nzima. Siku moja akaja mlangoni na tasbihi mkononi akaniuliza kama Mungu wangu ni kiziwi. Nikamuuliza mbona wake anahitaji spika juu ya mnara kabla hakujapambazuka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo ya mama yangu. Tangu siku hiyo tukaelewana: mimi Jumapili naimba taratibu, na mwezi wa Ramadhani sikaangi vitunguu karibu na dirisha lake.

Shule zilipofungwa tukasafiri pamoja, yeye akienda Nairobi kununua mali, mimi nikirudi kwetu. Upande wa pili wa njia ya katikati ndani ya basi alikaa fundi mwashi, mtu wa Mugutha, karibu na Ruiru, ambaye alikuwa huko miezi minne akijenga madarasa ya madrasa. Alipakata pimamaji yake, kile chombo chenye kiputo cha kuonyesha kama ukuta umelala sawa. Alikuwa ameifunga kwa sweta kama mtoto mchanga. Alinisikia nikiongea na mama yangu kwa simu kwa Kikuyu, akanisalimia, na hapo ikawa basi. Tulizungumza saa mbili mfululizo hadi mama mwenye nyumba wangu akajifunika uso ili apate kulala.

Yule fundi aliniambia ana msichana yuko gredi ya sita, na hesabu mtoto huyo anazimeza. Alisema kila akiwa nyumbani hujifanya amekosea hesabu ya matofali ili mtoto amsahihishe, na mtoto hajawahi kumshuku hata siku moja. Aliipenda sana hiyo hadithi. Aliirudia mara mbili, na mara zote mbili akacheka kabla ya kufika mwisho.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limewaka, watu wanakula njugu. Watu sita wenye bunduki wakatokea barabarani na dereva akasimama. Wawili wakapanda na kusema Wakristo washuke. Sasa, ndani ya lile basi Wakristo tulikuwa wawili tu, mimi na fundi, na basi zima lilitujua. Mbele yangu alikaa baba wa watoto wawili niliowafundisha kusoma. Nyuma yangu alikaa mama aliyekuwa akiniletea maziwa. Hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyetutazama hata kwa jicho la pembeni. Mama mwenye nyumba, bila kusema neno, alitoa shali yake ya pili, akanifunika kichwa na mabega, akanivuta kifuani kwake.

Mmoja wao, kijana, akapita kiti baada ya kiti, na yeyote aliyemshuku alimwambia aseme shahada. Alipofika kwangu akaniambia niseme. Mama mwenye nyumba akamjibu kwa Kisomali, na Kisomali changu kilikuwa kimefika mahali pa kuelewa.

"Huyu ni mke wa mwanangu," alisema. "Ni bubu."

Kijana akasema hata bubu ana uso, akanyoosha mkono aivute shali. Mama mwenye nyumba akaushika ule mkono. Akamuuliza yeye ni mwana wa nani, na ni ukoo gani uliomfundisha kumvua mke wa mtu shali mbele ya wanaume. Aliuliza kwa ile sauti yake ya kunigombezea chai. Kijana akampiga kwa kitako cha bunduki, nikasikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, na hakulia. Kisha kijana akanyoosha mkono tena.

Ndipo fundi akasimama. Kwanza aliiweka pimamaji yake kitini, polepole, isianguke. Akasema kwa Kiswahili, "Mkristo ni mimi. Niko peke yangu."

Wakamshusha. Tukasikia risasi. Haukupita muda kukasikika gari likija kwa mbali, wale watu wakaingia vichakani, na dereva akaondoa basi mlango ukiwa bado wazi.

Mimi nilikuwa chini ya shali muda wote huo. Ile aya ya kumkiri Bwana mbele ya watu nimewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwa wimbo na vitendo vya mikono, na siku hiyo haikunijia hata neno lake moja. Niliogopa tu. Na niliposikia mtu mwingine amesimama, nilishukuru. Huko kushukuru ndiko kulikonitesa baadaye, kuliko hata sauti ya risasi.

Tulipofika mji wa mbele mama mwenye nyumba akapelekwa hospitali kufungwa mkono. Kabla hatujaachana aliniwekea pimamaji mapajani, bado imefungwa kwa sweta, akaniambia niipeleke kwao yule mtu. Nikasema nitaipeleka. Maiti ya fundi ililetwa kwao ikazikwa mimi nikiwa nimelala kwa mama, Makongeni, natetemeka chini ya blanketi mbili. Pimamaji ilikuwa chini ya kitanda.

Mama aliniuliza mara moja tu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda na kikombe cha uji. Akasema amesikia kwa redio kwamba wale watu waliuliza nani Mkristo. Nikasema ndiyo, waliuliza. Akaniuliza, na wewe ukasema? Nikamwambia Mungu alinisaidia. Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu la swali lake, na mimi nilijua hivyo nikiisema. Mama akanikumbatia hadi uji ukamwagika.

Lazima nieleze kidogo jinsi ushuhuda unavyokwenda kwetu, la sivyo mtu ataniona mbaya kuliko nilivyo. Mtu akienda mbele husema Bwana asifiwe, na watu husema Amen. Akimaliza husema tena Bwana asifiwe, na kabla hajafika kitini mama mmoja mwenye sauti ameshaanzisha wimbo na watu wamesimama wanapiga makofi. Hakuna mahali pa kuingiza kidole. Sijawahi kuona mtu akiinua mkono kanisani kusema samahani, hapo si hivyo. Ukisahihisha ushuhuda ni kama umebishana na Roho. Na tena ushuhuda mzuri haukai na mwenyewe. Walioshangilia huondoka nao, wakautoa kwenye ushirika wa Jumatano nyumbani kwa mtu, na kila anayeupokea hutia chumvi kidogo kwa nia njema kabisa.

Jumapili ile mama alienda mbele kutoa shukrani. Alivaa sare ya chama cha akina mama, ile anayoipiga pasi mwenyewe kwa sababu haniamini. Akasema Bwana asifiwe. Akasema mtoto wake alisimama ndani ya basi, mbele ya bunduki, akawaambia: mimi ni Mkristo. Wimbo ukalipuka. Watu wakageuka kunitazama, wazee wakitoa miwani kufuta macho.

Nami nikasimama nikawapungia leso.

Hapo ndipo kosa langu lilipo. Si kwenye basi. Kwenye basi nilikuwa mtu mwenye hofu, na hofu haina adabu kwa yeyote. Lakini kanisani hakukuwa na bunduki, kulikuwa na watu ninaowajua tangu utotoni na harufu ya mandazi kutoka jikoni, na nilipunga leso.

Baada ya hapo mambo yakaenda mbio. Kufikia soko la Makongeni nilikuwa nimewahubiria wale watu. Kufikia Ruiru bunduki ilikuwa imekataa kulia mara tatu. Mama mmoja tuliyekutana naye kwa kinyozi wa watoto alinishika mkono akaniuliza malaika alivaa rangi gani, na mimi, Mungu anisamehe, nilifikiria kidogo kabla ya kusema sikumwona. Nilipewa kuku wawili na kitambaa cha gauni. Kwenye shughuli nilipewa chai kabla ya wachungaji. Mama mwenye nyumba, katika masimulizi hayo yote, aliingia kwanza kama mama mmoja Mwislamu, baadaye akawa mama mmoja tu, kisha akatoweka. Fundi hakuwahi kuingia kabisa.

Sikurudi kaskazini. Nilipata kazi katika shule ya watu binafsi hapa Thika. Mama mwenye nyumba alikuwa akinipigia simu Ijumaa baada ya sala, mkono ukiwa bado kwenye plasta, na salamu yake ilikuwa moja.

"Bubu wangu, hujambo?"

Tulikuwa tukicheka, akinigombeza kwa kuwa sijaolewa, kisha kabla ya kukata akiuliza kama nimeshafika kwa mke wa fundi. Nilikuwa nikisema bado, kuna mtihani shuleni. Mara nyingine nilisema mvua. Siku moja hakunigombeza. Akasema huko kwake walioona ni wengi lakini hakuna anayejua nyumba ya yule mama, na anayeijua njia ya Mugutha ni mimi peke yangu. Nikaweka simu chini, nikatazama chini ya kitanda, nikatoka nikaenda kuongea na majirani.

Miezi minane ikapita hivyo. Ndipo ikaja barua kutoka kanisa la Mugutha. Walikuwa wakifanya ibada ya kumkumbuka fundi, muumini wao, na waliona ni vyema kumwalika mwalimu shujaa aliyekuwa naye safarini, awatie moyo. Mama aliisoma ile barua kwa sauti mara mbili, mara ya pili kwa jirani. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa na umbali wa kutoka Makongeni hadi Mugutha, ambao hata si wa kumalizia mfuko wa njugu.

Nilibeba pimamaji kwenye mkoba. Mama akauliza ni nini hicho kizito. Nikasema ni cha mwenyewe.

Tulifika mapema. Watu walikuwa wakipanga viti, na nyuma ya kanisa, kwenye jiko la mabati, mwanamke mmoja alikuwa akimenya viazi kwa kasi ya ajabu. Nilimwendea nimsaidie, maana mikono yangu haijui kukaa. Ndiye aliyekuwa mjane wa fundi. Wenzake walikuwa wamemkataza asifanye kazi siku ya bwana yake mwenyewe, na yeye akawaambia akikaa bure atapasuka. Aliponijua aliweka kisu chini na kupangusa mikono kwa leso kiunoni.

"Mwalimu, kuna kitu nataka kukuuliza kabla uende huko mbele," alisema. "Watu wanasema wewe ulisimama ukasema wewe ni Mkristo, ndio Mungu akakuokoa. Sasa bwanangu yeye alifanya nini?"

Nikakiokota kile kisu nikaanza kumenya kiazi.

"Msichana wangu anaambiwa huko shule ati baba yake alikana, ndio Mungu akamwacha," akaendelea. "Wengine wanasema alikuwa anatoroka. Sasa hataki shule, na kanisa pia hataki, ako hapo nje kwa tangi ya maji. Niambie tu. Hata kama ni mbaya, wewe niambie."

Nataka nieleze vile nilivyosikia, kwa sababu nilisikia kwa mwili. Sikuwa nimewahi kulifikiria jambo hilo hata mara moja. Nilidhani uongo wangu ni wa kunipamba mimi, kama mkufu wa kuazima, hauumizi mtu. Kumbe watu wana akili. Ikiwa aliyesema alipona, basi aliyekufa hakusema. Walikuwa wamepiga hesabu sawasawa kwa namba nilizowapa, na jibu lake likamwangukia mtoto wa gredi ya sita uwanjani. Niliona haya kiasi kwamba nilitamani ile shali. Wimbo wa kufungua ibada ukaanza ndani. Nikamshika yule mama mkono uliokuwa bado na unyevu wa viazi nikamwambia nitasema yote huko mbele, na aje akae mahali nitakapomwona.

Mama yangu alikuwa kiti cha kwanza na sare yake, amekunja mikono juu ya mkoba, tayari kwa utukufu. Mchungaji akanikaribisha kwa maneno mengi. Nilipanda, nikatazama lile kanisa limejaa, na kwa mara ya pili maishani mwangu ulimi ukawa mzito. Nilijua nikianza na habari ya chai ya kaskazini nitazunguka, nitachekesha watu, na mwisho nitakuwa nimekaa tena kitini na leso mkononi. Basi nikasema Bwana asifiwe, wakasema Amen, nikaruka moja kwa moja.

"Ushuhuda mliousikia si wangu," nilisema. "Mimi sikusema kitu. Nilijificha ndani ya nguo ya mama Mwislamu. Aliyesema ni bwana ya huyu mama."

Nikawaeleza yote. Nilianza na shali, nikaja kwenye mkono uliovunjika, nikawaambia nani alisema mimi ni bubu, na hapo mtu mmoja nyuma akacheka, mtu wa Makongeni bila shaka, anayenijua. Nikawaeleza vile basi zima la Waislamu lilivyokataa kunitazama. Nikawaeleza jinsi kijana alivyonyoosha mkono mara ya pili, na jinsi fundi alivyoweka chombo chake kitini kwanza. Kisha nikayasema maneno yake kama alivyoyasema, kwa utaratibu wake, bila chumvi. Nikamalizia na ile leso niliyopunga, kwa sababu nilijua nikiiacha hiyo nje nitakuwa nimetubu nusu.

Nikasema Bwana asifiwe.

Hakuna aliyesema Amen. Mama wa kuanzisha nyimbo pale alifungua kinywa, akakifunga, akaangalia kitabu chake cha nyimbo kana kwamba kuna ukurasa wa mambo kama haya. Mchungaji alivua miwani akaipangusa, akaivaa, akaivua tena. Sikuthubutu kumtazama mama yangu. Ilikuwa mara ya kwanza naona ushuhuda umekwisha na watu wamebaki nao mikononi.

Mjane ndiye aliyesema, akiwa amekaa pale pale.

"Alisema ako peke yake?"

"Alisema, niko peke yangu."

"Na alikuwa anajua wewe ni wa kanisa?"

"Alijua, mama. Tulikuwa tumeongea saa mbili."

Watu wote walikuwa wakimtazama yeye sasa, si mimi. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani ni kilio, kumbe ni kicheko, au vyote viwili.

"Huyo mtu alikuwa anaogopa panya," alisema. "Kwetu panya nilikuwa naua mimi. Yeye alikuwa anapanda juu ya kiti anashika taa."

Kanisa likacheka. Lilicheka vibaya, watu wazima wakijipiga mapajani huku machozi yanawatoka, na mtu akasema Amen kwa sauti, na hapo ndipo wimbo ulipopatikana. Mimi nilishuka nikilia kama mtoto, kwa sababu nilimwona juu ya kile kiti, na nilimwona akisimama ndani ya basi, na alikuwa mtu yule yule mmoja. Nilikuwa nimezoea kudhani imani ya namna ile ina watu wake, wamezaliwa nayo, na sisi wengine tumezaliwa na mdomo tu. Yule alikuwa na miguu ya kutetemeka kama yangu. Alisimama juu yake hivyo hivyo.

Wimbo ukiendelea mama aliniinamia sikioni, kofia yake ya sare ikinichoma jicho, akaniuliza kwa nini sikumwambia. Nikamuuliza kama ningemwambia angesema nini kule mbele. Alifikiria kwa muda wa ubeti mzima. Akasema angenyamaza, angeona aibu. Kisha mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mtu radhi tangu nizaliwe, na ambaye akikukanyaga hukuuliza mguu wako ulikuwa unatafuta nini hapo, akainuka akaenda kwa mjane mbele ya watu wote.

"Hayo maneno ya bwana yako ni mimi niliyapeleka kwingine," akamwambia. "Nayarudisha. Nisamehe, mwenzangu."

Mjane akasogea, akampa nafasi akae.

Wakati wa chai nilimpigia mama mwenye nyumba. Haikuwa Ijumaa, akashtuka. Nikamweleza. Akaniuliza kama nilitaja mkono wake, nikasema nilitaja, akasema vizuri, maana bado unamuuma na haufai kuuma bure. Kisha akataka kuongea na mjane. Nikampa simu, naye akatoka nayo nje, na nilimwona kupitia mlangoni akitembea huku na huku kando ya ua, yeye na Kiswahili chake cha Mugutha na yule mwingine na Kiswahili chake cha kwao, wakiongea wote wawili kwa wakati mmoja. Walikaa muda mrefu hadi salio langu likaisha.

Nami nikachukua mkoba nikaenda kwenye tangi.

Msichana alikuwa amekaa kwenye benchi, amevuta magoti hadi kidevuni. Alikuwa amesikia. Kuta za kanisa ni mabati na mimi nina sauti ya darasa. Hata hivyo nilikaa kando yake nikamwambia upya, kwa sababu maneno ya baba yake hayakustahili kumfikia kupitia ukuta. Aliuliza swali moja tu, kama alisema polepole ama kwa nguvu. Nikamwambia kwa nguvu, basi zima lilisikia. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeliweka jibu mahali salama.

Nikampa pimamaji. Aliifungua sweta, akainusa kwanza, kisha akaivaa ingawa jua lilikuwa kali na mikono ilimzidi. Chombo akakilaza juu ya benchi letu, akakitazama kile kiputo kikienda upande wangu, akaniambia benchi haijalala sawa. Nilicheka. Nikamwambia kwamba baba yake alinieleza siri ya hesabu za matofali, kwamba alikuwa akikosea makusudi ili yeye amsahihishe.

"Nilikuwa najua," alisema. "Nilikuwa namsahihisha tu ndio afurahi."

Tulikaa tukitazama kiputo. Baadaye akaniuliza, bila kuniangalia, kama Jumatatu ninaweza kuja shuleni kwao niwaambie wale wengine vile nilivyosema kanisani, yote, hata ile ya leso.

Nilikuwa na vipindi vinne Jumatatu, na mwalimu mkuu wangu si mtu wa kuombwa ruhusa mara mbili. Nikamwambia nitakuja. Na nilikuwa mbele ya lango lao kabla ya kengele, nimesimama na yeye, amevaa sweta.